Mama Apendeki na Sheria ya Moto Mmoja

Jumamosi hii, tarehe 30 Agosti 2003, Mama Immaculée Apendeki anaondoka katika Baraza la Wakaaji la mji wa Baraka baada ya miaka kumi na minane ya utumishi. Aliingia mwaka 1985 kama mjumbe wa mtaa wa pwani, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane. Tangu wakati huo baraza limepata wenyeviti watano, nchi imebadili jina na bendera, vita vimepita juu ya mji wetu mara mbili, na mama huyu amekosa vikao vinne tu. Vikao viwili kati ya hivyo alikuwa anauguza mjukuu. Viwili vingine viliitishwa lakini havikufanyika kabisa, kwa sababu wajumbe wote tulikuwa tumejificha porini, lakini yeye hujihesabia hata hivyo kuwa alitoroka kazi.

Karatasi hii huenda ikasomwa na vijana waliokulia ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo inafaa kueleza kidogo. Baraza letu lina wajumbe ishirini na mmoja. Wengine huchaguliwa na mitaa, wengine na kazi zao: wavuvi, wakulima, walimu, mafundi, wanawake wanaoanika ndagala, yaani dagaa. Hakuna mshahara. Tunakutana kila Jumanne alasiri katika darasa la mwaka wa kwanza, tukikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa karibu na kidevu. Kura hatupigi kwa kuinua mkono. Anayekubali hutembea hadi upande wa madirisha, anayekataa hadi upande wa mlango, na mwenyekiti hubaki mahali pake ili kuhesabu. Waliotutangulia waliona kwamba mtu anaweza kuinua mkono huku amesinzia, lakini hawezi kutembea huku amesinzia. Nje, wananchi husimama kwenye madirisha na kusikiliza. Wana haki ya kusema, mwenyekiti akiwaruhusu.

Mama Apendeki hakuingia barazani kwa kupenda siasa. Aliingia kwa sababu ya magari. Kazi yake ilikuwa kuanika ndagala kwenye mchanga, kama mama yake na bibi yake, na katika miaka ile malori yaliyofika kuchukua mizigo yaligeuzia papo hapo, juu ya samaki. Alilalamika kwa madereva, wakacheka. Alilalamika kwa mjumbe wa mtaa, akaambiwa lalamiko lake litawasilishwa. Baada ya miezi mitatu ya kuwasilishwa, aligombea nafasi ya mjumbe huyo na kuipata. Sheria yake ya kwanza ina mstari mmoja: gari lolote lisikanyage mchanga wa kuanikia kabla ya saa sita mchana. Neno «lolote» alilisisitiza mwenyewe, na miaka kumi baadaye tuliona faida yake, wakati magari yaliyokuja yalikuwa na bunduki juu. Alisimama mbele ya gari la namna hiyo, karatasi mkononi, akamsomea dereva mstari ule. Dereva aliuliza saa ngapi. Alipoambiwa ni saa nne, alizima mota akalala ndani ya gari mpaka saa sita. Hatujui kama ni sheria iliyomshinda au ni usingizi, lakini tuliiandika kama ushindi wa sheria.

Oktoba 1996, watu walipokimbilia mitumbwi, kila mmoja alichukua alichoona kina thamani. Mama Apendeki alichukua daftari la sheria za baraza, akalifukia katikati ya mfuko wa unga wa muhogo. Alirudi nalo mwaka uliofuata, kabla baraza halijaanza tena kuitisha vikao. Kurasa zilikuwa nyeupe kwa unga na baadhi zilianza kuliwa na wadudu. Mwenyekiti wetu, Mzee Alphonse, alizipuliza moja moja na kusema kwamba sasa angalau tunaweza kusema sheria zetu zimelisha mtu.

Ni vizuri pia kueleza jinsi alivyofanya kazi, kwa kuwa ndiyo njia ambayo wengi wetu tuliichukua kwake. Hakuna andiko la sheria alilokubali liende kwenye kura kabla ya kulipeleka sokoni. Alitafuta wanawake watatu wasiojua kusoma, akawasomea polepole, kisha akawaomba wamweleze walichosikia. Mmoja akielewa vingine, andiko linarudi kwa katibu. Mzee Alphonse alilalamika mara nyingi kwamba maandiko yanarudi yakinuka samaki, lakini hakuwahi kulalamika kwamba hayaeleweki.

Kwa njia hiyo zilipita sheria ambazo familia zinazofanya kazi zinazijua kwa moyo. Mama aliyejifungua haitwi kwenye kazi yoyote ya mji kabla ya siku arobaini. Mtoto wa shule habebeshwi mzigo wa mtu yeyote katika saa za masomo. Wazazi humlimia mwalimu asubuhi mbili kwa mwezi, ili naye asiache darasa kwenda kujilimia. Zikisomwa leo zinaonekana ndogo. Katika miaka ile, zilikuwa ndizo zilizomfanya mtu wa Baraka aamke akiwa na uhakika wa jambo moja au mawili.

Baada ya hizo tatu, ya nne inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndiyo iliyotufundisha Mama Apendeki ni mtu wa namna gani.

Mwaka 2001, wenye silaha walioushika mji walikuwa wakikamata watu njiani na kuwapeleka kuchimba barabara ya kwenda Fizi. Waliiita salongo, jina la kazi ya pamoja tuliyoizoea ya kufagia na kuzibua mitaro. Lakini salongo ya zamani ulikwenda na jembe lako ukarudi nyumbani kula. Hii mpya, mwanamke alitoka kuchota maji na ndoo ikarudi na mtu mwingine. Baraza lilijadiliana nao kwa wiki nyingi. Mwishowe walikubali kuacha kukamata watu, ikiwa sisi wenyewe tutawatolea watu kila Jumamosi, mchana tu, tena kwenye barabara tu.

Sasa ikawa lazima tuamue nani aende. Tungehesabu watu, lakini wakati ule hakuna aliyependa jina lake liandikwe popote. Tungehesabu nyumba, lakini nyumba nyingine ilikuwa na familia tatu zilizokimbia kutoka Kilembwe, na nyingine mtu na mkewe. Mama Apendeki ndiye aliyepata njia: tuhesabu mioto ya kupikia. Asubuhi moshi unaonekana kutoka njiani, huhitaji kumwuliza mtu jina. Moto mmoja utoe mtu mmoja. Wanaokula chungu kimoja wapange wenyewe zamu zao. Asiyetokea mara tatu atanyang'anywa kipande cha shamba ambacho baraza limemgawia kando ya ziwa. Alikwenda sokoni na andiko lake, wanawake watatu wakalielewa vizuri na kulisifu. Oktoba mwaka huohuo likapita, watu kumi na wanane dirishani, wawili mlangoni. Wiki hiyohiyo ukamataji ulikoma. Watu walimpelekea kuku, na mmoja wa kuku hao aliishi kwake karibu miaka miwili kwa sababu hakuwa na moyo wa kumchinja mgeni.

Mwishoni mwa Desemba, katibu alipomkabidhi orodha ya waliokosa, iliyotolewa kwenye daftari la mashamba, aliona jina moja lenye alama tatu: Mukarurangwa. Alikwenda kumwona siku hiyohiyo.

Mukarurangwa alikuwa mjane kutoka nyanda za juu, mmoja wa wafugaji wanaosema Kinyarwanda. Mumewe alikuwa ameuawa, ng'ombe wao wamechukuliwa, naye akashuka na watoto wanne, mkubwa akiwa na miaka saba. Alipewa kibanda karibu na nyumba ya Isidore, fundi wa mitumbwi, na kipande cha shamba kama wakimbizi wengine. Lazima tuseme ukweli hapa. Mjini kwetu kila nyumba ilikuwa imefiwa, na kila aliyefiwa alitafuta mtu wa kumwangalia kwa jicho baya. Mukarurangwa alisema lugha moja na baadhi ya wale wenye silaha, basi akawa huyo mtu. Hakuna aliyemtukana. Walikuwa tu hawapiki naye, hawamwazimi kinu, hawamwachii mtoto.

Mama Apendeki alimkuta anauguza kitinda mimba aliyekuwa na homa. Akaelewa kabla hajauliza. Jumamosi tisa mama yule alikwenda barabarani, akiwafungia watoto ndani na kumwachia yule wa miaka saba kazi ya kuwalinda. Jumamosi tatu mtoto alikuwa mgonjwa, akabaki. Moto wake ulikuwa mmoja kama mioto mingine, isipokuwa nyuma ya moto huo palikuwa na mtu mzima mmoja tu. Ilikuwa zamu yake kila wiki. Mama Apendeki alimwuliza kwa nini hakuja kulalamika barazani, naye akajibu jibu ambalo mjumbe wetu alilirudia mara nyingi baadaye, «njo» ikiwa ndiyo «ndiye» ya kwetu:

«Sheria yenu haina ubaya, mama. Ni mimi tu njo niko moya.»

Akarudi nyumbani akihesabu mioto ya mtaa mmoja baada ya mwingine. Vijana wengi walikuwa wamekwenda kuchimba dhahabu Misisi, waume wengi walikuwa wamekufa au wako kambi za wakimbizi ng'ambo. Alipata mioto kumi na mitano yenye mtu mzima mmoja, yote ya wanawake. Wengine waliponea kwa dada au shemeji aliyewachukulia zamu. Mukarurangwa hakuwa na hata mmoja. Na kipande chake cha shamba kilikuwa kinatakiwa kugawiwa mtu mwingine kabla ya kupanda muhogo Februari. Bila shamba lile, watoto wanne wasingekuwa na cha kula mwaka mzima.

Wakati huo kulikuwa na desturi kwamba kila mwanzo wa mwaka mjumbe atoe hesabu ya kazi yake mbele ya watu wa mtaa wake, baada ya ibada, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Jumapili tarehe 6 Januari 2002, Mama Apendeki alisimama sokoni juu ya sanduku la samaki. Alitaja sheria ya siku arobaini, akapigiwa makofi. Alitaja ya watoto wa shule, akapigiwa makofi. Alitaja ya mashamba ya walimu, na walimu walipiga kuliko wote. Alipofika kwenye ya moto mmoja, wanawake walikuwa tayari wanaanza vigelegele. Akainua mkono.

«Hii ya ine musipige makofi,» alisema. «Iko mubaya, na njo mimi niliandika.»

Mtu mmoja nyuma aliuliza kama mama amekuja kujikamata mwenyewe kama mwizi, na soko lote likacheka. Hata yeye alicheka. Kisha akaeleza, taratibu, bila kutaja jina la mtu yeyote, jinsi sheria iliyowapunguzia mzigo wenye ndugu wengi ilivyowaongezea wasio na mtu. Alisema kosa lilikuwa lake tangu pale sokoni: wanawake watatu aliowasomea andiko walikuwa rafiki zake, kila mmoja ana watu wazima wanne au watano nyumbani. Asiye na mtu hakuwepo kusikiliza, kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia watoto aje sokoni. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Baadhi yao walianza kuondoka, na haikuwa kwa furaha. Walikuwa wameipenda sheria ile, na hawakupenda iguswe.

Jumanne iliyofuata, darasa la mwaka wa kwanza lilijaa mpaka nje. Pendekezo lake lilikuwa jepesi: moto wenye mtu mzima mmoja uruhusiwe kuunganishwa na moto wa jirani wa mtaa huohuo, wapike pamoja, wahesabiwe kuwa moto mmoja. Aliyekwisha kuandikwa alama tatu, akiunganisha moto kabla ya Jumamosi, alama zifutwe na shamba libaki lake.

Isidore, mjumbe wa mafundi, alikuwa wa kwanza kupinga. Si mtu mbaya, na anajua kwamba tunaandika haya, maana tulimsomea. Mdogo wake alikuwa amekamatwa njiani mwaka uliotangulia na hakurudi. Kwake, sheria ya moto mmoja ilikuwa ukuta uliozuia jambo lile lisitokee tena, na hakutaka mtu alegeze jiwe hata moja.

«Mama, ile sheria iko mukono yako mwenyewe,» alisema. «Moto moya, muntu moya. Leo unakataa mukono yako?»

«Sikatai mukono, baba. Nakataa kosa yenye mukono iliandika.»

Walibishana kwa heshima na kwa muda mrefu. Mama Apendeki alionyesha kwa hesabu kwamba mioto ikiunganishwa, barabara itapungukiwa watu kumi na watano tu kati ya mia tatu na kitu. Isidore alijibu kwamba leo ni kumi na watano, kesho kila mtu ataungana na shangazi yake. Ndipo mtu akauliza swali ambalo wote tulikuwa tumelikwepa, na ni Isidore aliyeliuliza, akimtazama mjumbe wetu:

«Na ule mama wa mulima, nani atapika naye? Mutatoa sheria ya kupenda watu?»

Mama Apendeki angependa kusema kwamba atapika naye yeye, lakini andiko lake mwenyewe lilitaka mtaa mmoja, naye alikaa pwani, mitaa mitatu chini. Akaanza kuisoma karatasi yake upya tangu juu, akitafuta mstari wa kumpitisha.

Jibu lilitoka dirishani. Aline, mke wa Isidore, alikuwa amesimama nje na wanawake wengine, mikono juu ya kizingiti. Aliomba ruhusa, Mzee Alphonse akampa. Hakuzungumza na baraza. Alizungumza na mumewe.

«Baba Vainqueur, moto pale kwetu iko ya nani?»

Kwa msomaji asiyejua desturi zetu: uwanja ni wa mwanaume, paa ni la mwanaume, hata kuku ni wa mwanaume akiwa ametembelewa na wageni. Lakini moto wa kupikia ni wa mke. Mume hawezi kusema nani apike hapo na nani asipike, na akisema atakula kwa mama yake. Isidore alilijua hilo kama tunavyolijua sote.

«Iko ya mimi,» Aline aliendelea. «Njo mimi ninachochea, njo mimi ninazimisha. Ule mama atapika na mimi. Na we utaenda salongo, sababu miguu yako iko muzima.»

Wanawake dirishani walicheka kwa muda mrefu. Mzee Alphonse aliwaacha wacheke, kisha akaita kura. Watu kumi na watatu walitembea hadi madirishani, sita mlangoni. Isidore aliinuka, akatembea hadi katikati ya darasa, akasimama hapo. Aliombwa achague upande. Alisema amekwisha kuchagua. Daftari letu la tarehe 8 Januari 2002 linasema hivi hadi leo: waliokubali kumi na watatu, waliokataa sita, katikati mmoja.

Jumamosi iliyofuata, moto wa Aline na Mukarurangwa ulihesabiwa kuwa mmoja, na aliyetoka kwa ajili yake alikuwa Isidore, jembe begani, hasemi na mtu. Februari muhogo ulipandwa kandokando ya ziwa katika kipande kilekile. Mwezi wa Machi, mtu alipomtania kwamba anakula mkono wa milimani, Isidore alijibu kwamba bugali ni bugali, lakini maziwa ya mgando ambayo mama yule anajua kuyatengeneza hata kwa maziwa ya kununua, mtu wa ziwani asingeyapata hata akioa mara tatu.

Tangu hapo Mama Apendeki alibadili njia yake ya kazi. Hakuwasomea tena rafiki zake watatu. Kila andiko alilipeleka kwanza kwa mtu aliyedhani litamwumiza, akilifikisha hadi mlangoni mwa mtu huyo kama hawezi kuja sokoni. Ilichukua muda mrefu zaidi na sheria chache zilipita. Katika miezi kumi na tisa iliyobaki alipitisha mbili tu. Zote mbili bado zinasimama, na hakuna aliyeomba zirekebishwe.

Juni mwaka huu salongo ya barabara ilikomeshwa, na sheria ya moto mmoja ikafutwa pamoja na rekebisho lake. Mama Apendeki ndiye aliyeomba ifutwe. Mioto kumi na mitano ilikuwa huru kurudi kila mmoja mahali pake, na mingi ilirudi. Kwa Aline haikuwa hivyo. Ukipita pale asubuhi utaona moshi mmoja na wanawake wawili wakigombana juu ya chumvi, mmoja kwa Kibembe, mwingine kwa Kinyarwanda, wote wakitumia Kiswahili pale wanapotaka kushinda. Hakuna sheria inayowataka kufanya hivyo. Sombe, yaani kisamvu, na ndagala tutakazokula leo baada ya hotuba zimepikwa kwenye moto huo.

Mama Apendeki, kwa niaba ya wajumbe wenzako, wa dirishani na wa mlangoni, na yule mmoja wa katikati, asante kwa kutuandikia sheria, na asante zaidi kwa kutuambia mbele ya watu kwamba moja ilikuwa mbaya. Unapohamia Fizi kwa binti yako, tunakuombea afya, wajukuu wenye kelele, na miaka mingi ya kukaa kwenye kiti kinachokutosha. Uishi vema, mama.